Neno Walilompa Mama Among

Wa kwanza kumwambia Mama Among lile neno alikuwa askari wa trafiki. Wa pili alikuwa mchungaji. Wa tatu alikuwa Chrispinus, mwenye lori, aliyevuka mpaka kutoka upande wa Kenya akiwa na koti jeusi na kreti za soda kwa ajili ya waombolezaji. Wote walilisema kwa sauti moja ya chini, kana kwamba walikutana njiani wakapatana.

"Pole sana, mama. Ilikuwa ajali."

Mama Among aliwashukuru wote. Kisha aliniita mimi, akaniketisha kwenye mkeka pembeni mwa jiko la nje, moshi ukitupita machoni.

"Eriku, wewe unapenda maneno. Hii ajali ni kitu gani? Iko na kichwa? Iko na mkono? Watu wote wananiambia ndiyo imeua mtoto wangu, na mimi sijaiona."

Hapa kijijini Sikuda watu hunicheka kwa ajili ya maneno. Hakuna mwalimu aliyenifundisha ushairi. Kamusi yangu niliinunua kwenye vitu vya mitumba upande wa Busia ya Kenya, jalada limeng'oka, na nimeisoma hivyo hivyo mpaka kurasa zimelegea. Nilijua jibu. Nilijivuna hata siku ile kwamba nilijua jibu.

"Neno hili si letu, Mama. Lilikuja na Waarabu. Kwao lilikuwa siku ya mtu iliyokwisha kupangwa kabla hajazaliwa. Siku hiyo haisogei mbele wala nyuma. Ukikimbia, inakungoja huko unakokimbilia. Waswahili wa pwani wakalichukua hivyo hivyo, kifo cha mtu kikifika wanasema ajali yake imefika. Halafu magari yakaja. Gari likianguka, watu wakasema ajali. Mpaka leo mtu akisikia ajali anafikiria magurudumu, hafikirii tena siku."

Mama alisukuma kuni ndani ya moto.

"Kwa hivyo wanasema siku ya Omoding ilipangwa."

"Ndiyo wanavyosema, hata kama wenyewe hawajui."

"Nani aliipanga?"

"Wao wanasema Mungu."

"Mimi naongea na Mungu kila siku," akasema. "Hajaniambia."

Omoding alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume na rafiki yangu tangu tulipokuwa tukilisha mbuzi. Alikuwa utingo wa lori la Chrispinus. Watu hudhani kazi ya utingo ni kupakia na kushusha mzigo tu. Katika lori lile kazi ilikuwa nyingine. Omoding alikaa nyuma kabisa, miguu ikining'inia nje, mkononi ameshika kabari, yaani gogo la mti mgumu lililochongwa upande mmoja likawa jembamba. Lori likishindwa mlima na kuanza kurudi nyuma, yeye huruka, hukimbia nalo, huisukuma kabari nyuma ya gurudumu. Yeye ndiye aliyekuwa breki. Siku ile wakiwa wamebeba mchanga, kwenye msitu wa Busitema, lori lilirudi nyuma kwa kasi kuliko miguu yake, likamkanyaga. Kabari ilikutwa barabarani bila hata mkwaruzo.

Basi nieleweni kwa nini sikuweza kunyamaza matangani.

Alasiri ya kuamkia mazishi, watu walikuwa wamejaa uani. Chrispinus alipewa kiti cha mbele, kile chenye mto. Akasimama akasema Omoding alikuwa kama mtoto wake, kwamba jeneza ameleta yeye, na kwamba ajali ni jambo ambalo hakuna binadamu anayeweza kulikwepa. Watu wakatikisa vichwa. Wanawake wakaguna kwa huruma. Nikasimama. Sikuomba ruhusa.

Mwaniambia ajali, siku yake imefika,
Nauliza swali hili: siku nani kaandika?
Breki hazikuwa kali, gurudumu likashuka,
Leo naisema kweli: mwenye lori kaiweka.

Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kibao. Nashon, dereva wa lori, alikuwa ameegemea nguzo ya jiko. Akainamisha kichwa akaanza kukwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti.

Chrispinus hakupandisha sauti. "Kijana," akasema, "wewe ni mshairi ama ni fundi?"

Watu wakacheka, wakafurahi kupata mahali pa kucheka.

"Sihitaji kuwa fundi," nikamjibu. "Lori lenye breki halibebi mtu wa kukimbia na gogo."

"Lori zote za mchanga ziko na gogo, bana. Uliza msee yeyote pale Malaba." Akageukia watu. "Sikilizeni, wazee. Sitagombana na mtoto kwenye matanga. Nasikia kesho asubuhi mnaenda kumchukua marehemu kule alikolala. Mtakwenda na nini? Na miguu? Lori langu litawapeleka. Hilo hilo. Nashon ataendesha. Likiwa bovu, nyinyi wenyewe mtaona."

Wakampigia makofi. Mjomba wa Omoding, mzee Jonan, alisimama kumshika mkono. Nami nikaona jinsi ubeti wangu ulivyogeuka ukawa tiketi ya watu kupanda lori lile.

Lazima niseme jambo hili la kumchukua marehemu, maana wengine hamlijui. Katika ukoo wa Omoding, mtu akifia barabarani, mwili unaweza kuletwa nyumbani lakini yeye mwenyewe hubaki pale, akitazama magari. Kabla ya kuzikwa, watu wake huenda kumwita kwa jina. Huvunja tawi la mti ulio karibu na mahali alipoangukia, na mama yake hulibeba. Tangu tawi livunjwe mpaka lilazwe kando ya kaburi, hakuna anayesema neno. Hata kukohoa watu hukohoa ndani ya nguo. Ukisema, marehemu husikia sauti ya mtu wa barabarani, huchanganyikiwa, hurudi. Na aliyeachwa barabarani huanza kutafuta wenzake.

Mchungaji alisema hayo ni mambo ya zamani, lakini hakuyakataza. Yeye naye hupita njia ile.

Asubuhi Mama Among alinishika mkono kabla sijapanda. "Wewe kaa pale alikuwa anakaa Omoding."

Nikakaa nyuma, miguu nje. Kabari ilikuwa imerudishwa palepale kwenye pembe ya bodi, imefungwa kwa kamba ya mkonge. Nikaifungua nikaipakata. Mti wake ulikuwa umelainika pale alipozoea kuushika.

Kwenda tulikwenda na kelele. Wanawake waliimba, mzee Jonan alisimulia jinsi Omoding alivyowahi kumwibia baiskeli akaenda nayo mpaka Iyolwa kumwona msichana, akarudi bila baiskeli na bila msichana. Tulicheka. Mimi nilikuwa nikisikiliza sauti nyingine. Kila tulipoteremka, Nashon alikuwa akishusha gia mapema sana, injini ikinguruma kama ng'ombe anayebanwa, na chini yetu breki za upepo zilikuwa zikipumua kwa pumzi fupi fupi: pss, pss, pss. Mtu anayekanyaga pedali mara moja breki zikashika, hakanyagi mara tatu.

Mahali penyewe palijulikana kwa weusi wa mafuta na mchanga uliomwagika. Miti ilikuwa imeinamia barabara pande zote mbili, na ingawa jua lilikuwa limepanda, chini palikuwa na ubaridi wa kisima. Mzee Jonan alivua kofia. Akaita kwa Kiteso, tena na tena, akimwambia Omoding kwamba mama yake amekuja, kwamba uji umepoa, kwamba twende nyumbani. Mama Among akavunja tawi yeye mwenyewe. Lilikuwa bichi, likachelewa kukatika, na ilimbidi alizungushe na kulizungusha. Likakatika.

Hapo kimya kikaanza.

Tulipanda. Mama aliketi katikati, tawi mapajani, majani yakimgusa kidevu. Watu walimzunguka wakiinamisha macho. Sijawahi kuona lori limejaa watu wazima bila hata mtu kujikuna.

Mteremko wa kwanza haukuwa mrefu. Tulipoanza kushuka nilisikia pss, pss, kisha pss nyingine dhaifu, kisha sikusikia kitu. Harufu ya kuungua ikapanda kupitia mbao, ile kali inayoingia kwenye meno. Miti ikaanza kupita haraka. Nikapiga bodi kwa kiganja, mara mbili, ishara ya utingo kwa dereva wake: simama. Lori halikusimama. Nikapiga kwa kabari. Kwa kioo cha nyuma nilimwona Nashon ananitazama, macho yake meupe, na bega lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, mguu wake ukitafuta.

Nikamtazama Mama. Alinitazama pia. Alitikisa kichwa polepole: usiseme.

Nikapiga ukelele.

"Nashon! Toa barabarani! Kushoto! Kwa murramu!"

Kandokando palikuwa na lundo la murramu, changarawe nyekundu iliyomwagwa na watu wa kukarabati barabara. Nashon akazungusha usukani. Lori likapanda lundo, likalala upande kidogo, likazama hadi kwenye ekseli, likasimama. Watu walirundikana mmoja juu ya mwingine. Hakuna aliyeumia. Kwa muda mfupi hata wakati huo hakuna aliyesema. Wote walikuwa wakinitazama.

"Umemharibu," mzee Jonan akasema hatimaye, na kwa kuwa alishasema, wote wakaanza.

"Huyu kijana mdomo yake itamuua!"

"Jana alitukana mwenye gari, leo amefukuza marehemu!"

"Breki hazikushika!" nikawapigia kelele. "Nuseni! Hamna pua?"

Nashon alikuwa ameshuka. Alikuwa na simu sikioni, na nilisikia sauti ya Chrispinus ikitoka humo ndogo kama mbu. Nashon akakata simu, akajifuta uso.

"Ilikuwa upepo tu," akasema. "Upepo ulipungua ndani ya tangi. Nikiacha injini ingurume kidogo, unajaa. Njoo uone mshale wa kipimo. Ona. Unapanda."

"Nashon, mtazame mama yake Omoding uniambie hivyo."

Hakumtazama. "Kaka, mimi nina kazi moja," akasema kwa sauti ya kunisihi. "Ulipiga kelele, nikashtuka, nikazungusha. Pengine ingeshika. Wewe unajuaje kwamba isingeshika?"

Ndilo swali lililoniziba mdomo mimi, mtu wa maneno. Kwa kilichotokea wana neno, tena tamu, la kufungia midomo ya wafiwa. Kwa kilichozuiwa sikuwa na neno. Lori limesimama kwenye murramu, watu wako wazima, na mwenye makosa ni aliyepiga kelele.

Wanaume wakaanza kuchimba magurudumu kwa mikono na kwa majembe waliyoazima shambani. Mzee Jonan akasema kaburi liko wazi, watu wanangoja, hakuna muda wa kurudia. Watalaza tawi hilo hilo na kuomba msamaha. Mama Among alisimama, akashuka. Akalitupa lile tawi kwenye nyasi.

"Hili ni majani tu," akasema. "Mtoto wangu amerudi kule."

"Dada, tutachelewa."

"Zikeni jeneza, kama mna haraka." Akanigeukia. "Wewe ulisema. Wewe utatembea na mimi."

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kabari begani kwa sababu sikukumbuka kuiacha. Njiani alizungumza mara moja tu, bila kugeuka.

"Ulisema ile siku haisogei."

"Nilikuambia maana ya neno, Mama. Sikusema naliamini."

"Na leo umeisogeza, ama haikuwa imefika?"

Tulifika penye mafuta na mchanga. Mama aliita mwenyewe, si kwa maneno ya kaka yake. Alimwita kama anavyoitwa mtoto aliyekwenda kuteka maji akachelewa, kwa hasira kidogo. Akavunja tawi jingine. Akanitazama, akaweka kidole mdomoni mwangu, si mdomoni mwake.

Tukaanza safari ya kurudi.

Ni kitu kigumu, kunyamaza barabarani. Waendesha boda walitupita wakitusalimu, hatukujibu. Wanafunzi wa chuo cha Busitema walisimama kando, wakaona tawi, wakavua kofia, hao walijua. Tulipofika kwenye lundo la murramu lori lilikuwa limeshang'olewa, injini inanguruma, watu wanapanda. Mzee Jonan alituona. Alitupisha bila neno, na wote wakanyamaza tulipokuwa tukipita. Nafasi ya nyuma, ile ya Omoding, ilikuwa tupu. Nikainua kabari, nikawaonyesha. Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

Mbele ya pale barabara hupanda kidogo, kisha huanguka moja kwa moja hadi kwenye kinamasi cha mafunjo, ambako ni karavati nyembamba tu inayotenganisha lami na maji. Kila mtu wa Sikuda anaujua mteremko ule. Tulikuwa tumekaribia kilele tuliposikia lori linakuja nyuma yetu. Mama alijibana ukingoni. Lilipita taratibu, limejaa. Nashon aliangalia mbele, shingo imekakamaa. Na lilipotupita, kutoka chini yake, nilisikia: pss. Pss. Pss.

Nikafungua kinywa. Vidole vya Mama vikanikamata kifundo cha mkono, vikanibana mpaka kwenye mfupa. Machoni mwake hapakuwa na amri. Palikuwa na ombi. Mtoto wake alikuwa katika mkono wake wa pili, na safari hii alikuwa amekubali kuja.

Nikafunga kinywa. Lori likavuka kilele, likazama, tukabaki na vumbi.

Kwanza ilikuwa honi. Haikukatika, ndefu, ikishuka na mteremko. Kisha kishindo, si kikubwa kama nilivyotarajia, kama mlango wa ghala ukifungwa. Ndege weupe waliruka wote kwa pamoja kutoka kwenye mafunjo.

Tulikimbia hadi kileleni. Chini kule lori lilikuwa limelala ubavu, kichwa kwenye maji, mkia umekata barabara nzima. Watu wengine walikuwa wakitambaa kwenye lami. Wengine hawakuwa wakitambaa. Kutoka kwenye mashamba ya muhogo wanaume walikuwa wakikimbia na mapanga yao mikononi, na neno walilokuwa wakilipiga kelele lilitufikia hata kule juu.

"Ajali! Ajali!"

Mama Among alilisikia. Aliuachia mkono wangu.

Ndipo tuliposikia, nyuma yetu, kitu kizito kikipanda. Gari la mafuta, lile la kutoka Malaba, linalopita kila siku wakati huo na lililozoea kuuteremka mteremko ule bila kupunguza, kwa kuwa dereva akiwa upande wa kupanda haoni kilicho ng'ambo. Chini, watu walikuwa katikati ya barabara.

Mama alilitazama tawi. Alilishika kwa mikono miwili kama anayempima mtoto uzito. Kisha akatembea hadi katikati ya lami, pale ambapo dereva angeliona kabla ya kilele, akainama, akalilaza. Alilipanga vizuri, majani yakielekea kule gari linakotoka, kama wanavyopanga madereva lori likiharibika njiani.

"Omoding," akasema kwa sauti ya kawaida. "Hii ndiyo kazi yako. Zuia."

Akaja ukingoni akaanza kuvunja matawi mengine, haraka, akiyatupa nyuma ya lile la kwanza.

"Eriku! Unangoja nini? Sema sasa! Piga kelele!"

Nilikimbia kuelekea lile gari, kabari juu ya kichwa, nikipiga kelele bila kujua ni maneno gani. Pua yake ilijitokeza kwenye kona, kubwa, nyekundu, jua likimulika kwenye kioo, sikuweza kuona kama kulikuwa na mtu ndani. Halikupunguza. Nyuma yangu nilisikia matawi yakivunjika, moja baada ya jingine, na sauti ya Mama ikimwita mwanawe.